Saratani ya figo baada ya kupandikizwa: tuzitazame figo za zamani kabla ya kuzilaumu dawa

Swali: "Daktari, nina umri wa miaka 47. Nilisafishwa damu kwa mashine kwa miaka sita kabla ya kupandikizwa figo niliyopewa na kaka yangu, na sasa imetimia miaka minne tangu upasuaji. Figo inafanya kazi vizuri, nami nameza dawa za kupunguza kinga ya mwili, yaani takrolimasi, mikofenolati na prednisoloni, kila siku. Mwezi uliopita nilipigwa picha ya ultrasaundi, na chini kabisa ya ripoti pameandikwa kwamba figo zangu za zamani zimesinyaa na zina vifuko vingi vya maji. Mgonjwa mwenzangu ameniambia kwamba dawa hizi ndizo zinazoleta saratani ya figo, na kwamba sisi tuliopandikizwa tuna hatari mara saba kuliko watu wengine. Tangu siku hiyo usingizi umenipaa. Je, nianze kupunguza dawa kidogo kidogo? Au niombe figo za zamani zitolewe zote mbili? Na je, figo ya kaka yangu yenyewe inaweza kupata saratani?"

Jibu: Ndugu yangu, kabla sijaeleza lolote, nakuomba usipunguze dawa hata kidonge kimoja kwa uamuzi wako mwenyewe. Kama umekwisha kuanza kupunguza, rudi leo kwenye kipimo ulichoandikiwa na uwapigie simu wanaokuhudumia uwaeleze wazi ulichofanya. Hakuna daktari wa figo ambaye hajawahi kulisikia jambo hilo, na ni afadhali walijue mapema kuliko kuligundua kwenye vipimo vya damu. Sababu ya kuanza na ombi hili utaiona baadaye, kwa kuwa kupunguza dawa kiholela kunaweza kukuongezea hatari ileile unayoikimbia.

Ninavyolielewa swali lako, umeunganisha mambo matatu yaliyokufikia kwa wakati mmoja: ripoti ya picha, maneno ya mwenzako, na ile namba ya kutisha. Kila moja lina ukweli ndani yake, ila yameunganishwa vibaya. Ni kweli kwamba saratani ya figo huonekana zaidi kwa waliopandikizwa. Ni kweli pia kwamba dawa za kupunguza kinga huongeza hatari ya saratani kadhaa. Lakini saratani ya figo ina historia yake ya pekee katika kundi letu hili la wagonjwa, na historia hiyo kwa kawaida huanza miaka mingi kabla ya kidonge cha kwanza cha takrolimasi.

Tuanze na namba. Mwenzako hakuitunga. Utafiti mkubwa uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2011, uliojumuisha zaidi ya wapokeaji 175,000 wa viungo mbalimbali, ulionyesha kwamba waliopandikizwa figo walipata saratani ya figo mara 6.7 ya ilivyotarajiwa kwa watu wa umri na jinsia yao. Hata hivyo "mara saba" haina maana mpaka uulize, mara saba ya kitu gani? Saratani ya figo si ugonjwa wa kila mlango. Tuchukue, kwa mfano wa hesabu tu, jamii ambayo watu 15 kati ya 100,000 hugunduliwa nayo kila mwaka. Zidisha kwa saba utapata watu 105 kati ya 100,000, yaani takriban mtu mmoja kati ya 1,000 kwa mwaka. Waliobaki, watu 999, mwaka unapita bila kuuona ugonjwa huo. Katika takwimu zilizokusanywa kutoka vituo vingi, waliogunduliwa kuwa na saratani ya figo katika miaka waliyofuatiliwa hawakufika mmoja kati ya 100, ingawa vituo vinavyompiga picha kila mgonjwa kila mwaka huzipata nyingi zaidi, kwa kuwa anayetafuta sana huona sana. Hatari yako ni kubwa kuliko ya jirani yako mwenye figo nzima, na mtu aliyesafishwa damu miaka sita na mwenye vifuko huenda yuko juu ya wastani wa kundi lake; lakini bado uko mbali na hali ya kusema saratani inakusubiri.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani hukuelezwa vya kutosha siku ya upasuaji. Mtu anapopandikizwa, figo alizozaliwa nazo kwa kawaida haziondolewi. Figo mpya huwekwa chini, upande mmoja wa kinena, ikaunganishwa na mishipa mikubwa ya damu ya nyonga na mrija wake ukashonwa kwenye kibofu. Zile mbili za zamani hubaki mahali pake, nyuma, chini ya mbavu, zikizidi kusinyaa. Wagonjwa wengi huzisahau, na kusema kweli hata sisi madaktari huzisahau, maana macho yetu yote huelekezwa kwenye ile inayofanya kazi. Hapo ndipo penye kiini cha swali lako: kati ya saratani kumi za figo zinazogunduliwa kwa waliopandikizwa, karibu tisa hutokea kwenye figo hizo za zamani, na kwenye figo iliyopandikizwa hutokea chache sana.

Kwa nini figo ambayo haifanyi kazi tena iote saratani? Figo imejengwa kwa mirija midogo sana ipatayo milioni moja. Ugonjwa unapoiharibu, mirija mingi hufa na michache iliyosalia hulazimika kubeba mzigo wa iliyokufa. Seli zinazoizunguka mirija hiyo hupokea ishara za kukua na kugawanyika bila kupumzika, huku makovu na chembechembe za chumvi ya oksaleti zikiziba njia ya maji. Maji yasiyo na pa kutokea hujikusanya, mrija hutuna, na kifuko huzaliwa. Ukuta wa kifuko hicho ni seli zilezile ambazo bado zinagawanyika, na kila seli inapogawanyika hunakili maelekezo yake ya urithi; nakala zikiwa nyingi mno, tena katika damu iliyojaa taka ambazo figo ilishindwa kuzitoa, makosa ya kunakili hulimbikizana. Kwa wagonjwa wachache, mlimbikizo huo huishia kwenye uvimbe wa saratani.

Hali hii ya vifuko vinavyojitokeza baadaye ilielezwa mwaka 1977 na wanapatholojia wa Uingereza, Dunnill, Millard na Oliver, walipochunguza figo za watu waliofariki baada ya kusafishwa damu kwa muda mrefu. Tangu hapo tumejua kwamba muda ndio mwamuzi mkubwa. Baada ya miaka mitatu ya usafishaji, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano huwa na vifuko. Baada ya mitano hukaribia nusu. Na baada ya kumi, walio wengi mno wanavyo. Wewe ulikaa miaka sita. Kwa hiyo sentensi ile iliyokunyima usingizi ilieleza jambo ambalo ningelitarajia kwa mgonjwa yeyote mwenye historia yako, na kama isingeandikwa ningejiuliza iwapo mpiga picha alizitazama figo hizo kweli. Vifuko peke yake si saratani. Vilivyo vingi havitakuwa saratani kamwe, na baada ya kupandikizwa, damu inapokuwa safi tena, vipya hupungua kuzaliwa na baadhi ya vya zamani hunywea. Kisichofutika ni makosa yaliyokwisha kuandikwa ndani ya seli katika ile miaka sita. Utafiti ule wa Marekani ulionyesha pia kwamba saratani hizi huja kwa mawimbi mawili. La kwanza huonekana katika mwaka wa kwanza, nyingi zikiwa vivimbe vilivyokuwapo kabla ya upasuaji bila kuonekana, na la pili huanza miaka kadhaa baadaye. Wewe uko mwaka wa nne, na ndiyo maana nasema ni wakati mzuri wa kutazama kwa utaratibu, bila hofu.

(Nitenganishe hapa jambo moja linalochanganywa mara kwa mara. Kuna ugonjwa wa kurithi wa figo zenye vifuko, ambao figo hujaa vifuko na kutuna hadi kuwa kubwa kuliko kawaida. Huo haufanani na hali yako, zako zimesinyaa. Cha kushangaza ni kwamba wenye ugonjwa huo wa kurithi, wakishapandikizwa, hawaonekani kuwa na saratani ya figo zaidi ya wapokeaji wenzao.)

Vipi kuhusu dawa? Sitakuficha. Dawa zinazouzuia mwili wako kuikataa figo ya kaka yako huwafumba macho askari walewale wanaozitambua na kuziua seli zilizoharibika. Kwa sababu hiyo wapokeaji wa viungo, kwa jumla, hupata saratani karibu mara mbili ya watu wengine, na ongezeko kubwa zaidi liko kwenye saratani ambazo kinga huzidhibiti, hasa zinazochochewa na virusi: limfoma (saratani ya tezi za limfu), saratani ya Kaposi, saratani ya mlango wa kizazi, pamoja na saratani za ngozi kwa watu wenye ngozi nyeupe. Saratani ya figo haimo katika kundi hilo la virusi. Dawa huenda zinaupa uvimbe mdogo nafasi ya kukua bila kubughudhiwa, lakini si hizo zilizoupanda.

Ushahidi unaonishawishi zaidi ni huu. Watafiti wa Marekani, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2016, waliwafuatilia wagonjwa walewale katika vipindi viwili tofauti: kipindi ambacho figo iliyopandikizwa inafanya kazi na mgonjwa anameza dawa, na kipindi ambacho hana figo inayofanya kazi na anasafishwa damu, iwe kabla ya kupandikizwa au baada ya figo kushindwa. Saratani zinazotegemea udhaifu wa kinga zilipanda wakati figo inafanya kazi, kama mtu angetarajia. Saratani ya figo ilikwenda kinyume: ilikuwa juu wakati mgonjwa hana figo inayofanya kazi, ikashuka figo ilipofanya kazi, na ikapanda tena iliposhindwa. Nimelieleza kwa kirefu kwa sababu linajibu swali lako la kwanza moja kwa moja. Ukipunguza dawa kienyeji, mwili utaishambulia figo ya kaka yako. Figo ikifa, utarudi kwenye mashine. Na kwenye mashine ndiko saratani ya figo inakostawi zaidi. Utakuwa umeikwepa mvua ukakimbilia mtoni.

Huenda utasikia pia kuhusu sirolimasi na everolimasi, dawa za kinga za aina nyingine ambazo huzuia seli kukua. Everolimasi inatumika pia kutibu saratani ya figo iliyosambaa, na Marekani iliidhinisha matumizi hayo mwaka 2009. Ukiyasoma hayo peke yake utauliza kwa nini tusiwabadilishie wagonjwa wote. Kwanza, kipimo cha kutibu saratani ni miligramu 10 kwa siku, wakati waliopandikizwa kwa kawaida huanzishiwa miligramu 0.75 mara mbili kwa siku, na hata kile kipimo kikubwa hupunguza mwendo wa saratani bila kuiponya. Pili, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, uliounganisha majaribio 21 na wagonjwa zaidi ya 5,800, ulionyesha kwamba waliopewa sirolimasi walipata saratani pungufu kwa asilimia 40, lakini vifo vyao viliongezeka kwa asilimia 43. Dawa hizi huweza kuleta vidonda vya kinywa, protini kwenye mkojo, mafuta mengi katika damu, vidonda kuchelewa kupona na wakati mwingine mapafu kuvimba. Mimi humbadilishia mgonjwa aliyekwisha kupata saratani, hasa saratani ya ngozi inayojirudia, ambako faida imethibitishwa. Kwa mtu kama wewe, mwenye figo tulivu na vifuko visivyo na dalili mbaya, nisingebadili.

Turudi kwenye ripoti yako. Ningependa ujue kwanza iliandikwa katika mazingira gani. Mara nyingi mgonjwa aliyepandikizwa hutumwa kupimwa figo mpya, na mpiga picha hutazama kinena, hupima mtiririko wa damu, humaliza. Figo za zamani hutupiwa jicho tu. Tena si rahisi kuzitazama: figo ya kawaida ya mtu mzima ina urefu wa sentimeta 9 hadi 12, lakini zilizosinyaa huwa ndogo sana na rangi yake kwenye picha hukaribiana na mafuta yanayozizunguka, hivyo uvimbe wa sentimeta moja au mbili unaweza kupita bila kuonekana. Maneno "vifuko vingi" yanakuacha bila majibu ya maswali muhimu. Kifuko kikubwa kuliko vyote kina ukubwa gani? Kuta zake ni nyembamba au nene? Kuna vizingiti ndani, yaani kuta ndogo zinazokigawa, au kinyama kilichojitokeza? Je, ndani mna mtiririko wa damu? Omba picha irudiwe, na kwenye fomu pawe pameandikwa wazi kwamba figo za asili zote mbili zitazamwe kwa makini.

Kifuko chenye ukuta mwembamba na maji meupe hakihitaji lolote zaidi ya kufuatiliwa. Chenye mashaka hupelekwa kwenye skani ya CT au MRI, na hapo wataalamu wa picha hutumia madaraja yaliyobuniwa na Morton Bosniak mwaka 1986, kuanzia la kwanza hadi la nne. Daraja la kwanza na la pili hayana hatari. Kuna daraja la katikati linalotaka picha zirudiwe. La tatu hugeuka saratani karibu nusu ya wakati, na la nne ni saratani mara nyingi sana. Madaraja haya hayakubuniwa kwa ajili ya figo zilizosinyaa kama zako, kwa hiyo tunayatumia kwa tahadhari. Kuhusu dawa ya rangi inayochomwa mshipani wakati wa skani, wagonjwa wengi huiogopa kwa sababu ya figo yao mpya. Hofu hiyo ina msingi kama figo inafanya kazi kwa shida, lakini haipaswi kumzuia mtu kupata jibu la uvimbe unaotiliwa shaka. Waeleze wapige hesabu ya uwezo wa figo kwanza. Ipo pia ultrasaundi inayotumia viputo vidogo vya gesi vinavyotolewa kwa pumzi kupitia mapafu bila kuigusa figo, na panapopatikana kipimo hicho mimi hukipenda sana.

Je, upigwe picha kila mara gani? Hapa wataalamu hawakubaliani, nami ningekudanganya kama ningesema wamekubaliana. Madaktari wa Ulaya wa upasuaji wa njia ya mkojo wanapendekeza ultrasaundi ya figo za asili na ya figo mpya kila mwaka. Miongozo ya KDIGO, shirika la kimataifa linaloandaa miongozo ya magonjwa ya figo, haiamuru kila aliyepandikizwa apimwe. Inashauri kila mgonjwa apangiwe ratiba kulingana na historia yake, ila kwa wanaosubiri kupandikizwa inapendekeza kuwatazama walio katika hatari zaidi, wakiwemo waliosafishwa damu kwa miaka mitatu au zaidi na wenye vifuko vya aina yako. Wanaopinga kumpima kila mtu wana hoja nzuri: picha nyingi huzaa mashaka mengi, mashaka huzaa skani na upasuaji usiohitajika, na gharama ni kubwa kwa maisha machache yanayookolewa. Lakini hoja hiyo inahusu kundi zima. Mwanamume wa miaka 47, mwenye miaka sita ya mashine na vifuko vilivyokwisha kuonekana, yuko katika upande wa wanaofaidika na kutazamwa. Kwako ningechagua picha moja kila mwaka, na kila miezi sita iwapo kuna kifuko chenye sura isiyoeleweka. Mwaka si muda mrefu kwa ugonjwa huu: vivimbe vidogo vya figo, kwa wastani, hukua takriban milimita tatu kwa mwaka, na vilivyo chini ya sentimeta tatu ni nadra kusambaa.

Ombi lako la kuziondoa figo zote mbili nalielewa. Kimantiki linaonekana safi: hazifanyi kazi, zina hatari, zitolewe. Lakini upasuaji huo si wa kung'oa jino. Figo zimelala karibu na mishipa mikubwa ya damu na chini ya tezi za adrenali ambazo hutaki ziguswe. Vidonda hupona polepole kwa anayemeza prednisoloni. Maambukizi humwinda mwenye kinga iliyopunguzwa. Na shinikizo la damu likishuka mno wakati wa upasuaji, figo mpya ndiyo itakayoumia. Unaubeba mzigo huo wote leo, kwa hakika, ili kuepuka jambo ambalo huenda lisitokee maishani. Ndiyo maana hatuziondoi kwa kinga tu. Tunaziondoa kama kuna uvimbe wa kweli, au maambukizi yasiyokwisha, au damu inayotoka mara kwa mara.

Lipo kundi moja ambalo kwao msimamo wangu hubadilika, na ni vyema nilitaje kwa sababu linahusu dawa za mitishamba. Mimea ya jamii ya Aristolochia ina asidi inayoharibu figo na wakati huohuo kuchochea saratani ya mirija ya mkojo. Mapema miaka ya 1990 nchini Ubelgiji, wanawake waliotumia dawa ya kupunguza unene iliyochanganywa na mmea huo walipoteza figo, na walipochunguzwa baadaye, figo na mirija yao ya zamani ilikutwa na saratani kwa wingi. Kwa watu wa namna hiyo, kuziondoa mapema figo na mirija yake ni busara. Ikiwa kabla ya figo zako kushindwa uliwahi kutumia dawa za mitishamba kwa muda mrefu, mweleze daktari wako bila kuona haya, kwa sababu litabadilisha kile tunachokitafuta. Na kama unatumia sasa, hilo ni jambo la kumwambia wiki hii, maana baadhi ya mitishamba hupandisha au kushusha takrolimasi katika damu bila mtu kujua.

Kuhusu figo ya kaka yako, jibu ni kwamba inawezekana, lakini ni nadra. Kabla hajakupa, kaka yako alipigwa picha kwa kina, na uvimbe wenye ukubwa wa maana ungeonekana. Figo iliyopandikizwa inaweza kuota uvimbe miaka mingi baadaye kama kiungo kingine chochote, na kwa kuwa iko karibu na ngozi na hupigwa picha mara kwa mara, kwa kawaida huonekana ikiwa bado ndogo. Hapo hatuiondoi figo nzima kama inawezekana. Tunakata sehemu yenye uvimbe, au tunauchoma kwa joto au kuugandisha kwa baridi kwa sindano, na figo inaendelea kufanya kazi. Ikithibitika kwamba seli za uvimbe ni za kaka yako, naye ataitwa kupimwa figo iliyobaki. Zaidi ya hapo usimtwishe wasiwasi, kwa sababu kutoa figo hakujaonekana kumwongezea mtoaji hatari ya saratani.

Kama siku moja picha itaonyesha uvimbe kwenye figo ya zamani, kuondoa figo hiyo moja kwa njia ya matundu madogo ndiyo tiba ya kawaida, na kwa kuwa haifanyi kazi, hupotezi lolote katika uwezo wa kusafisha damu. Saratani nyingi zinazozaliwa katika figo zenye vifuko vya aina yako hugunduliwa zikiwa ndogo na za tabia ya upole, na mgonjwa huponywa kwa upasuaji pekee. Kinachotutisha ni ile iliyochelewa hadi ikasambaa, kwa sababu hapo tunabanwa. Dawa mpya zinazoiamsha kinga ya mwili ili iishambulie saratani, kama nivolumabu, zimewasaidia wagonjwa wengi wa saratani ya figo. Lakini kinga ikiamshwa dhidi ya saratani huamka pia dhidi ya figo iliyopandikizwa, na takriban wapokeaji wanne kati ya kumi wanaozitumia hupata mwili kuikataa figo, wengi wao wakaipoteza. Ndiyo maana napendelea ultrasaundi ya dakika ishirini kila mwaka kuliko mjadala huo mgumu.

Usitegemee dalili zikuonye. Damu kwenye mkojo ni dalili maarufu ya saratani ya figo, lakini figo ambayo haitoi tena mkojo huenda isilete damu kwa njia hiyo, nayo figo mpya haina mishipa ya fahamu ya kukuletea maumivu kama ilivyo kwa ya asili. Hata hivyo, ukiona damu kwenye mkojo hata mara moja, ukipungua uzito bila sababu, ukipata homa zisizoeleweka au maumivu ya ubavuni yasiyoisha, nenda kliniki bila kungoja tarehe yako. Maumivu makali ya ghafla ya ubavu pamoja na kizunguzungu au mapigo ya moyo kwenda mbio ni dharura ya usiku huohuo, kwa sababu kifuko kinaweza kupasuka na kuvuja damu ndani. Tazama pia himoglobini yako. Ikivuka gramu 17 kwa desilita, mara nyingi ni hali inayojulikana kwa waliopandikizwa na hutulizwa kwa dawa kama losartani, lakini uvimbe wa figo nao huweza kutengeneza homoni inayochochea mwili kutengeneza damu, kwa hiyo usikubali ipandishiwe mabega bila picha.

Ukienda kliniki safari ijayo, chukua ripoti yenyewe, si maneno yake tu, na uulize mambo matatu: kifuko kikubwa kuliko vyote kina ukubwa gani na sura gani, picha inayofuata ya figo za asili ni lini, na nani atahakikisha imefanyika, na kiwango chako cha takrolimasi kikoje kwa sasa. Swali hili la tatu nimeliweka kwa makusudi. Mwaka wa nne, figo ikiwa tulivu, huenda ukawa unameza kipimo kikubwa kuliko unachohitaji, na daktari wako anaweza kukishusha kwa hatua akipima damu kila mara. Hivyo ile haja yako ya kumeza dawa kidogo inaweza kutimia, ila kwa mkono wake. Kama unavuta sigara, mwambie pia, kwa sababu katika haya yote tuliyoyazungumza, sigara, uzito na shinikizo la damu ndiyo mambo yaliyo mikononi mwako kuanzia leo jioni.